Mzee Aliyeshindwa Kukataa Sahani

Ninyi mliokaa nyuma, sogeeni mbele. Benchi za mbele hazina miba. Leo nahubiri habari za sahani, na naona mama mmoja ameshatabasamu, anadhani leo tumepata mahubiri mepesi. Tabasamu, mama, tabasamu mapema, maana huko tunakokwenda hakuna pa kutabasamu.

Na wale wanaonong'ona kwamba huyu kijana shule aliiacha darasa la sita, atatufundisha nini: ni kweli niliiacha, tena bila kuaga. Lakini wenye vyeti wamewahubiria hapa miaka kumi mkisinzia, na mimi hamjanisinzia hata Jumapili moja. Basi tegeni masikio.

Huko kwenye milima ya baridi, ambako mvua ikishaanza watu wanasahau vumbi lina rangi gani, aliishi mzee mmoja wa kanisa. Mrefu, kifua kipana, sauti ya besi. Akiitikia amina, vioo vya madirisha vinaitikia pamoja naye. Kazi yake ilikuwa kutembelea nyumba za washarika. Nyumba yenye mgonjwa ilikuwa yake. Nyumba yenye msiba, yake. Mke na mume wasiosemeshana, yake. Aliyeacha kuja kanisani kwa sababu amegombana na mwimba kwaya, huyo naye wake. Alivaa gambuti nyeusi, akabeba mwavuli, Biblia ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe, akapanda na kushuka vilima. Aliipenda kazi ile kuliko alivyolipenda shamba lake la chai, na ukilitazama shamba lenyewe ungejua kwamba hilo limeshaambiwa, likasusa.

Mwaka mmoja akaanza kuona kiu. Anakunywa maji kama ng'ombe, anatoka nje kila mara, na kile kifua kinapungua ndani ya koti. Mkewe, mama mfupi mwenye maneno machache na macho mengi, akamshika mkono wakaenda zahanati. Muuguzi akamtoboa kidole, akatazama kipimo, akakitazama tena.

"Mzee, kumi na nane. Hii si sukari ya mtu, hii ni sukari ya duka."

"Kwa hiyo ndiyo nakufa?"

"Nani kakwambia ufe? Utameza vidonge, na utakula kama mtu mwenye akili. Mama, sogea na wewe usikie, hawa wazee huwa wanasahau maneno yetu hapo hapo mlangoni."

Akawapa masharti, wala hayakuwa magumu. Kabla hujala, kaa, tulia, ujiulize kama una njaa kweli au umeona tu wengine wanakula. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Ugali, ndizi au wali, usizidi ngumi yako. Chai bila sukari. Tafuna taratibu, tonge lishuke kwanza ndipo ukate jingine. Acha kula wakati tumbo bado lina kanafasi. Na ukishakula, umekula. Usikae tena mezani kwa sababu ya mtu.

Mzee akacheka ile besi yake. "Haya tu? Binti yangu, mimi nafundisha watoto wa kipaimara katekisimu nzima kwa kichwa. Nitashindwa na haya?"

Na kweli, wapendwa, kabla hawajafika nyumbani alikuwa ameshayakariri yote, mbele na nyuma. Sisi hapo ndipo tunapojikwaa. Tukishalikariri neno, tunadhani tumeshalitii.

Nyumbani aliyashika. Simsingizii. Mkewe alitoa sahani ya bati ya bluu, ile aliyokuwa akilia chakula mtoto wao Anyisile alipokuwa mdogo, akasema kuanzia leo hii ndiyo sahani ya baba. Mboga nusu, ndizi kiasi cha ngumi. Mzee akijipakulia mwenyewe, mama anachungulia.

"Baba Anyisile, hiyo ngumi umeifumba au umeikunjua?"

"Mke wangu, ngumi ya mzee wa kanisa ni kubwa, Mungu ndiye aliyeiumba."

"Mungu aliumba mkono. Ngumi umeikuza wewe. Rudisha."

Anarudisha. Wanacheka. Mama naye akaacha sukari, akaacha maandazi, akawa anakula sahani kama ile ile. Alisema hawezi kukaanga kitu na kukila mbele ya mtu anayetafuna majani. Ndoa ya miaka thelathini na minne, na bado mtu anakuachia andazi. Ninyi vijana mnaoniandikia meseji kuuliza upendo ni nini, mmesikia?

Mwezi ukaisha. Wakarudi kupima. Kumi na saba.

Wa pili. Kumi na tisa.

Muuguzi akamgeukia mama. "Mama, huyu mzee unampikia nini?"

Mama akamweleza, kitu kimoja kimoja. Muuguzi akaandika, akasema, "Basi punguza tena." Lakini alimtupia yule mama macho ya mtu asiyeamini, na mama akayaona. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma ya mumewe, hasemi neno. Mzee naye hasemi. Yeye alikuwa na sababu yake.

Twende basi tukaione hiyo sababu.

Kwenye milima ile mgeni hatoki ndani ya nyumba na mdomo mkavu. Na mgeni akiwa mzee wa kanisa, akitoka bila kula, nyumba hiyo itasemwa mpaka Pasaka. Siku ya kazi mzee alitembelea nyumba nne, mara nyingine tano. Mnaona tunakokwenda? Mama wa kitenge cha njano umeinamisha kichwa. Inua, bado sijakufikia.

Nyumba ya kwanza, Jumanne moja asubuhi. Mume alikuwa amestaafu kiwanda cha chai, mkewe maarufu kwa ndizi za nazi. Maombi yakaisha. Mama akaja na jagi na beseni.

"Karibu maji ya kunawa, Mzee."

"Ah, mama. Mimi leo nimeshakula."

"Umekula wapi?"

"Nyumbani."

"Ya nyumbani ni ya nyumbani. Kwani hapa umefika hotelini?"

"Kweli nimeshiba, mama yangu."

Hapo mume akajinyoosha kwenye kochi. "Mwache, mke wangu, usimlazimishe. Ijumaa kwa wale wa bondeni alikula, tena tulisikia aliongezwa. Ndizi zetu sisi labda zina mchanga."

Basi, kwisha habari. Mzee akacheka, akanyoosha mikono, maji yakamwagwa, bakuli likafunuliwa. Ndizi na nyama, rojo zito la nazi, na kikombe cha chai ambacho kijiko kingeweza kusimama ndani yake kwa sukari. Alikula. Mama akasema, "Kidogo tu tena," akaongeza. Akala na hicho kidogo.

Mtu huyu, nisikilizeni, alikuwa amesimama makaburini akazika vijana bila sauti kutetemeka. Alimkemea mume mlevi mbele ya ukoo wake wote. Aliwahi kumwambia mchungaji, usoni, kwamba mahubiri yake ni marefu na hayana mafuta. Mdomo haukuwa na tatizo. Ila neno moja la silabi tatu, hapana, lilikuwa likifika kooni, linaona sahani, linageuka kurudi.

Akawa amejitengenezea maelezo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi fundi, fundi ni yeye mwenyewe. Alijiambia kwamba masharti ya muuguzi ni ya chakula, na anachokula kwenye nyumba za watu si chakula. Ni huduma. Huwezi kumwombea mtu halafu ukatae mkono wake. Kwa hiyo alitoka nyumba ya ndizi akaenda nyumba ya wali na maharage, akatoka akaenda nyumba ya viazi vitamu na chai, na kote huko, kwa hesabu yake, alikuwa hajala kitu. Ni huduma tu ilikuwa ikipita kooni.

Jioni anafika kwake. Mama ameweka sahani ya bluu. Unadhani alisema ameshiba? Angeulizwa ameshibia wapi. Akakaa, akatulia, akatafuna taratibu, tonge likashuka ndipo akakata jingine, sawasawa na masharti. Mlo wa tano huo wa siku.

"Safi, Baba Anyisile," mkewe akasema. "Ukiendelea hivi utapona."

Msicheke sana. Nawajua ninaowaona wanacheka, nimekula kwao.

Ikaja Novemba. Mvua haikatiki, njia zote tope. Siku hiyo mzee alikuwa ameshapita nyumba mbili, na ya tatu ilikuwa ya mjane mmoja kijana, Mama Tusajigwe. Mumewe alikuwa ameangukiwa na mti akipasua mbao, akamwachia watoto watatu na chumba na sebule cha kuta za udongo. Mzee alikwenda kumfariji. Alipokaribia mlango wa uani akaona manyoya meupe kwenye tope, mengi, yamelowa. Akajua kwamba habari za kuja kwake zimeshamtangulia. Mjane yule alikuwa na kuku mmoja tu, mtetea, na mzee alimfahamu yule kuku, kwa sababu kila alipokuja alikuwa akimruka miguuni.

Waliomba. Watoto wakaambiwa waende kukaa jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha matete, na katikati ya matete mtu akitazama vizuri aliona macho, jozi tatu.

Mama Tusajigwe akaleta bakuli na ugali, akapiga magoti, akafunua. Juu kabisa aliiweka firigisi. Mnajua firigisi inaliwa na nani. Baba mwenye nyumba, au mgeni mkubwa. Baba mwenye nyumba hakuwepo tena.

"Firigisi yako hiyo, Mzee."

"Mama Tusajigwe, ungejisumbua nini, mwanangu?"

"Si usumbufu, Mzee. Umetembea mvua yote hii kwa ajili yetu."

Tumbo la mzee lilikuwa limejaa mpaka chini ya shingo. Akafikiri kusema, waite watoto tule wote. Likapanda mpaka kwenye ulimi. Lakini akaona haya. Akaona kwamba akisema hivyo atakuwa amemwambia mjane kwamba nyumba yake haina chakula cha kutosha. Kwa hiyo, ili asimwaibishe, akala. Akala firigisi, akala paja, akala kifua. Kubakiza kungekuwa kusema hakikukolea. Alikula mpaka mifupa ikang'aa, na Mama Tusajigwe alisimama pale mikono ameifumbata tumboni, anatazama kila tonge likishuka, anasema, "Karibu, Mzee. Karibu sana."

Akatoka, akaenda nyumba ya nne.

Sasa, ndani ya gambuti ya mguu wa kulia kulikuwa na kokoto. Dogo, kama punje ya hindi. Liliingia asubuhi. Mimi au wewe tungepiga hatua tatu, tungevua, tungelaani kimoyomoyo, tungeendelea. Mzee alitembea nalo kutwa nzima, kilima kwa kilima. Sukari ilikuwa imeshaula ule mguu hisia zake, taratibu, bila kelele. Jioni mkewe alipomvua gambuti, soksi ilitoka na ngozi.

"Baba Anyisile! Hukusikia?"

"Sikusikia kitu."

Alisema kweli. Hiyo ndiyo iliyomtisha mama kuliko damu.

Wakaenda zahanati, kidonda kikasafishwa, sukari ikapimwa. Ishirini na mbili. Muuguzi safari hii alitikisa kichwa tu, akaandika. Mama akarudi nyumbani akaondoa ndizi kabisa. Akaondoa maharage. Sahani ya bluu ikabaki na mchicha na kipande cha samaki kama kidole. Na kwa vile yeye alikula alichokula mumewe, akakonda. Kanga ilimzunguka mara mbili. Kidonda kikakataa kufunga, kikaanza harufu.

Siku moja mzee amelala chumbani, mguu juu ya mto. Ukuta wa mbao, unapitisha kila kitu. Akamsikia mkewe akiongea na jirani uani.

"Mimi ndiye ninayemuua," mama alikuwa akisema. "Nimefuata kila kitu walichoniambia. Napima kwa ngumi yake. Sijui nakosea wapi. Mkono wangu ndio unaomuua baba wa watu."

"Usiseme hivyo, dada."

"Niseme vipi sasa? Nani mwingine anayempikia?"

Wapendwa, mlango wa chumba ulikuwa hatua nne kutoka kitandani. Sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi: mke wangu, si wewe, nakula kwa watu. Mzee alilala pale, akatazama bati. Aliona haya kukataa sahani, sasa akaona haya kusema kwamba aliona haya. Angekuwa mbele yangu siku ile ningemtikisa mabega, na uzee wake wote. Nina mikono, mnaniona. Lakini nani kati yetu angenyanyuka kitandani? Wewe? Wewe uliyemficha mkeo soda ndani ya koti wiki iliyopita?

Hakunyanyuka. Na Alhamisi akachukua fimbo, akachechemea kwenda kutembelea. Nyumba mbili tu siku hiyo. Kote akala.

Hospitali ya mkoa walikata kidole kwanza. Baada ya wiki wakakata nusu ya wayo. Baada ya wiki nyingine daktari akaja, akavuta stuli, akakaa, na mama akajua kwamba daktari anayekaa hana habari njema. Wakakata chini ya goti.

Akarudishwa nyumbani. Gambuti mbili zilikuwa zimesimama mlangoni kama alivyoziacha, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuondoa moja.

Jumapili alasiri wakaja wanawake wa jumuiya kumpa pole. Mvua inapiga bati. Wamevaa sare, wamebeba vikapu na hotpoti, maana hatujui kwenda kwenye uchungu mikono mitupu. Mzee kawekwa sebuleni kwenye godoro, blanketi limeanguka bapa pale ambapo mguu ulitakiwa kuwepo, na kila mtu anajitahidi asipatazame. Wakaimba wimbo mmoja. Mama mkongwe wa kwaya, bibi mwenye sauti ya kukwaruza, akaomba. Mume wa bibi huyu mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo huo. Besi ya mzee haikusikika kwenye amina.

Ndipo mkewe akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Ninaomba kanisa linisamehe," akasema. "Mlinikabidhi mzee wenu, nami nimeshindwa kumlisha. Nilipewa masharti na nikayafuata, lakini pengine nilikosea, sijui ni wapi. Naomba mnisamehe."

Akabaki amesimama, mikono chini. Wanawake wakaanza kusema, hapana mama, usiseme hivyo. Na mzee akainua mkono.

"Kaa chini, mke wangu. Hukukosea." Akauelekeza ule mkono kwa wageni. "Nilikuwa nakula kwao. Kila siku ya kazi. Kwa wote mnaowaona humu ndani. Ndizi, wali, chai, vyote. Nikirudi nakula na vya kwako usijue. Sikuwa nataka. Walahi... jamani, mbele za Mungu, sikuwa nataka hata tonge moja. Nilikuwa naona haya kuwakatalia."

Mvua ikasikika. 

Halafu Mama Tusajigwe, kule karibu na mlango, akaanza kulia. Akasema, "Mzee, nisamehe na mimi. Siku ile ya kuku. Sikuwa na unga mwingine wala mboga nyingine. Wanangu walilala na maji ya moto. Nilikuwa nakutazama unakula na ninasema moyoni, Bwana, abakize hata shingo. Ila nilikuwa naona haya usikute nyumba haina kitu."

Mke wa yule mstaafu naye akafunika uso. "Hata sisi. Tukisikia Mzee anakuja, baba anasema, Mungu wangu, na leo tena? Halafu tukikuona mlangoni tunashindana na wa bondeni."

Mmeelewa kilichosemwa pale? Aliyekula hakukitaka. Aliyepika hakutaka kukipika. Watoto waliokitaka waliwekwa jikoni kwenye matete. Mguu wa mtu umekatwa kwa chakula ambacho hakikuwa na mwenyewe.

 Mkewe alimtazama mumewe kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa zamani ikachelewa. Kisha akatoka kwa mlango wa uani, kwenye mvua, bila mwavuli.

Sebule ikabaki kimya, ule ukimya unaouma. Na bibi wa kwaya, masikini, ambaye hakuwa na ubaya wowote, hakuweza kuuvumilia. Akafanya kinachofanywa na bibi yeyote ukimya ukizidi. Akavuta hotpoti, akafunua, mvuke ukapanda. Pilau.

"Haya jamani, chakula kinapoa. Mzee, sahani yako hii."

Mzee akaitazama ile sahani. Akatazama mlango wa uani. Akavuta pumzi, na lile neno ambalo lilikuwa limekwama kooni miaka yote, likatoka. Halikutoka kwa besi. Lilitoka dogo, limechoka, lakini lilitoka, na kila aliyekuwa pale alilisikia.

"Hapana, mama. Asante."

Wapendwa, ningependa kuishia hapo. Ningesema amina, tungeimba, mngenisifu mlangoni kama kawaida yenu. Lakini bibi alitabasamu, akaisogeza sahani mpaka ikamgusa kifua.

"Kidogo tu, Mzee. Umekonda mno. Unataka watu waseme tumekuja tukakutazama tu?"

Na wale wanawake, ambao machozi yalikuwa bado hayajakauka mashavuni, wakaitikia kwa pamoja: "Kidogo tu, Mzee. Kidogo tu."

Hata Mama Tusajigwe.

Akapokea. Akala.

Mguu wa kushoto waliukata mwaka uliofuata, mwezi wa tano. Kwenye mazishi yake, mwezi wa nane, kulikuwa na chakula kingi.

Sasa nitazameni. Tangu nianze mmekuwa mkimtazama mzee. Mmekuwa mkisema moyoni, mlafi huyu, mwoga huyu, si angekataa tu. Na wewe mwenye tumbo umekuwa ukijifichia nyuma ya mwenzako, ukidhani nakusema wewe. Sikukusema. Mzee alikataa. Mwisho kabisa, akiwa na mguu mmoja, alikataa kwa adabu na kwa shukrani, na chumba kizima cha watu wanaompenda kikalirudisha lile neno kooni kwa mwiko. Mlidhani nawahubiria wanaokula. Nawahubiria wanaopakua.

Masharti ya yule muuguzi ni mazuri, na ninyi mnayajua. Mboga nusu, ngumi moja, tafuna, acha kabla hujajaa. Hayana mtihani, hata mimi wa darasa la sita nimeyashika. Lakini nani atayashika peke yake katikati yetu sisi? Sisi tunaompima mgeni wetu kwa alichomeza. Sisi tunaomwambia mwenye sukari kwamba ya leo haihesabiwi kwa sababu ni sherehe, kesho haihesabiwi kwa sababu ni msiba, keshokutwa ni ubarikio wa mtoto wa jirani. Sisi tunaosema tunampenda mtu huku hatumwamini akituambia ameshiba.

Nawapa sharti moja, liongezeni kwenye yale ya muuguzi. Mgeni muulize mara moja. Moja, si tatu. Akisema hapana, amini, weka mwiko chini, kaa naye, mwulize habari za nyumbani. Na wewe mgeni, useme mlangoni, kabla jirani hajakamata kuku. Na kama nyumbani kwako hakuna kitu, mpe mtu kiti na maji, ukae naye. Mzee yule alitembea mvua yote ile kwa ajili ya mtu, hakutembea kwa ajili ya firigisi. Hakuna aliyempa nafasi ya kulisema hilo, naye hakuitafuta.

Mimi mwenyewe leo baada ya ibada nimealikwa nyumba tatu. Msishangae, kijana mzuri hugombewa. Nitakula nyumba moja, sahani moja. Hizo mbili nitakuja, nitaketi, tutaomba, na utakapoleta jagi na beseni nitakwambia hapana, mama, asante. Nitaisema kwa sauti hii hii mnayoisikia. Na wewe utakuwa umesimama hapo mbele yangu, mwiko mkononi, jirani anachungulia.

Utanijibu nini?

Usinijibu sasa. Nijibu nikifika.